Mionzi ya Mume Wangu

Wanawake wa kanisa letu wanalijua tumbo langu kuliko daktari yeyote wa Durban. Wamelishika, wamelipaka mafuta, wamelikemea, wamelililia. Kila mfungo ulipoisha, pale ukumbini kwetu Greyville, juu ya duka la magodoro, mama mchungaji alikuwa akiniita mbele kwa sauti ya huruma, nami napiga magoti, wao wananizunguka. Mmoja anashika kichwa, mmoja mgongo, waliobaki wote tumbo. Wanamwomba Mungu afungue. Mafuta yanachuruzika mpaka kwenye kitenge changu, na mafuta ya zeituni, kama hujui, yakishaingia kwenye kitenge hayatoki.

Nami nilikuwa napiga magoti pale nikijua kwamba tumbo langu halina neno. Halikuwa limefungwa na jini, wala na shangazi mchawi wa Lubumbashi. Nilikuwa sijapata mtoto kwa sababu mume wangu alifanya kazi kwenye kituo cha umeme wa nyuklia kule Cape Town, mwili wake ulikuwa umeingia mionzi, na tulikuwa tumekubaliana, mimi na yeye, tusubiri mpaka itoke. Hiyo ilikuwa siri ya nyumba yetu. Nikainyamazia, nikapakwa mafuta, nikasema amina.

Nilitaka mtoto. Niseme wazi mapema, mtu asije akadhani naandika habari za umeme. Nilitaka mtoto kuliko karatasi za ukimbizi zisizoisha muda, kuliko saluni yangu mwenyewe. Kwetu mwanamke akiolewa akakaa miaka bila kuzaa, hata jina la kumwita linawashinda watu. Wenzangu wote pale saluni Umbilo Road walikuwa Mama Fulani na Mama Fulani. Mimi nilikuwa madamu. Madamu mwenye mvi tayari, jamani, na bado madamu.

Mume wangu ni fundi wa kulehemu, na haki ya mtu tumpe, ni fundi kweli. Tulioana hapahapa Durban. Miaka ya kwanza alihangaika sana: mageti ya watu, viti vya baa, mabodi ya taxi yaliyooza. Halafu kampuni moja ndogo ya mikataba ikamchukua kwenda kwenye kituo kile cha nyuklia kilicho ufukweni, nje ya Cape Town. Alinieleza kwamba kinu cha nyuklia hakiendi moja kwa moja. Kila baada ya muda kinazimwa, fueli iliyochoka inatolewa, mpya inaingizwa, na hapo ndipo wanahitaji mafundi wa kila aina wa kurekebisha mabomba na vali. Nilimfungia kuku, sombe ya majani ya muhogo na mikate ya chikwange kwa ajili ya safari, nikamsindikiza mpaka kwenye basi, nikarudi nyumbani nikiimba. Mume wangu anakwenda kuwasha nchi nzima! Wanawake wengine waume zao walikuwa wanalinda magari ya watu pale maegesho.

Siku zile alikuwa ananipigia simu kila jioni baada ya zamu, na mazungumzo yetu yalikuwa matamu, siwezi kudanganya. Alikuwa anafundishwa huko kabla ya kuruhusiwa kuingia ndani, basi naye alikuwa ananifundisha mimi. Chukua urani, aliniambia, jiwe zito la ardhini. Ndani ya urani kuna atomu, kitu kidogo ambacho jicho haliwezi kukiona, na katikati ya atomu kuna kiini. Kiini cha urani ni kikubwa kupita kiasi, kimejishikilia kwa shida. Kikigongwa na kidude kinachoitwa nyutroni, kinapasuka vipande viwili. Kikipasuka kinatoa joto, na kinarusha nyutroni nyingine mbili tatu, nazo zinakwenda kugonga viini vingine, navyo vinapasuka. Joto linageuza maji kuwa mvuke, mvuke unazungusha turbini, turbini inazungusha jenereta, umeme unasafiri mpaka kwenye draya yako pale saluni.

Nikamwuliza, vurugu yote hiyo ni ya kuchemsha maji tu? Akacheka mpaka akakohoa. "Ni birika, sheri," akasema, neno lake la kuniita mpenzi. "Iko birika kubwa tu."

Niliyapenda mambo yale. Mimi niliachia shule darasa la mwisho la sekondari, vita vilinikatiza, na hapakuwa na mtu aliyewahi kunieleza kitu kigumu akiamini kwamba nitakielewa. Nikienda saluni nawaeleza wenzangu, huku nasuka. Nikawaambia, mnajua umbea unavyokwenda hapa? Mmoja anaanza, anawaambia wawili, kila mmoja wa wale wawili anawaambia wawili, kabla chai haijapoa Umbilo yote inajua. Ndivyo atomu zinavyopasuka. Wakauliza, sasa mbona kituo hakilipuki? Nikawaambia, mwenye saluni akiingia mlangoni inakuwaje? Tunanyamaza wote. Basi mle ndani ya kinu kuna vyuma virefu vinavyoteremshwa katikati ya fueli, vinameza zile nyutroni, umbea unakatika. Walicheka, na kuanzia siku ile mwenye saluni akitokea, mtu ananong'ona kwamba chuma kimeshuka.

Mgao wa umeme ulipozidi, mimi ndiye niliyetaniwa. Draya zikizimika mteja akiwa na rola kichwani, utasikia, madamu, mwambie mzee apasue atomu nyingine, huku tunaoza. Nilikuwa najibu kwa maringo kwamba kituo cha mume wangu kinafanya kazi yake, waulizeni wale wa makaa ya mawe. Kituo cha mume wangu! Nilivyokuwa najivuna, nikikumbuka leo natamani kujizaba kofi.

Alikuja Krismasi ya kwanza. Nilikuwa nimepika tangu asubuhi, nimesuka nywele zangu mwenyewe, nimetandika shuka mpya. Aliingia, akaweka begi chini, nami nikamwendea nimkumbatie. Akarudi nyuma. Akaninyooshea kiganja hivi, kama askari wa barabarani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

Aliniketisha akanieleza. Kazi aliyokuwa anafanya ilimpeleka ndani kabisa, karibu na kinu chenyewe, na mwili wake ulikuwa umepokea mionzi. Yeye hakuwa mgonjwa, aliniambia nisiogope. Lakini mionzi ilikuwa imekaa katika damu na katika mbegu, na mwanamume wa namna hiyo akimpa mke wake mimba, mtoto anaharibika. Inatoka yenyewe, akasema, ila inachukua muda, na kila akirudi kazini inaongezeka. Tungoje amalize mikataba. Halafu akasema, huku ameinama, "Naogopa juu yako, na juu ya mtoto wetu." Nililia kwa ajili yake. Kwa ajili yake, sikilizeni vizuri, si kwa ajili yangu.

Mtu wa Dar au wa Mombasa pengine angeuliza swali. Mimi ni wa Katanga, na kwetu hatuulizi. Babu yangu mzaa mama alichimba katika mgodi ule wa urani wa enzi za Wabelgiji, ule ambao mawe yake yalipelekwa ng'ambo na baadaye tukasikia yalikofikia, ndani ya bomu la atomiki. Nimekua nikisikia habari zake jikoni kwa bibi. Usiokote jiwe lenye rangi ya manjano. Usichote maji upande ule wa mto. Fulani alichimba pale, akaoa wake wawili, nyumba ikabaki bila mtoto. Fulani alipata mtoto, lakini bibi hakumalizia huyo mtoto alikuwaje, alikuwa anakatisha na kutufukuza tukacheze. Ukweli wake ni upi, sijui. Ninachojua ni kwamba hofu ile ilikuwa imeshajengwa ndani yangu kabla sijaota meno ya ukubwani, na mume wangu, ambaye alitoka mji mmoja nami na aliwahi kula ugali jikoni kwa bibi yule, alijua mahali ilipo. Alikwenda moja kwa moja akaiamsha.

Alitandika godoro chini sebuleni. Nilimtengea sahani yake, kikombe chake na taulo lake. Nguo zake nilizifua peke yake, nimevaa glavu za kupakia dawa ya nywele, na maji yake nilimwaga chooni. Usiku niliacha mlango wa chumbani wazi ili angalau tuongee. Aliniomba nisimwambie mtu yeyote. Watu wetu ni wajinga, alisema, wakisikia wataogopa hata kunipa mkono kanisani, na kazi nitakosa. Nikamwahidi. Ahadi ile niliiona kama kitu cha ndoa, kitu chetu wawili tu, na kwa kuwa hatukuwa na kingine cha ndoa, niliishika kwa mikono yote miwili.

Basi nikaanza kubeba mzigo. Mama mkwe alikuwa anapiga simu kutoka Lubumbashi kila Jumapili, na sijawahi kukutana na ulimi kama ule. Aliniuliza kama nilitoa mimba nikiwa kwenye kambi ya wakimbizi. Aliniuliza kama mama yangu alikuwa na deni kwa waganga. Aliniambia mwanawe anatumika usiku na mchana, anakula baridi ya Cape Town, na hana hata mtoto wa kumwita baba, kwa sababu alioa chungu kilichotoboka. Neno moja tu lingetosha kumnyamazisha. Ningemwambia, Mama, si mimi, mwulize mwanao. Badala yake nilikuwa namwuliza kama miguu yake bado inavimba.

Kanisani nako nilinyamaza. Mama mchungaji, anayekaa Cato Manor, mwanamke mwema kwa kweli, alikuwa anapanda taxi mbili kuja kwangu kuniombea. Aliniuliza kwa upole, je, tatizo ni lako au la baba? Nikasema ni langu. Sikusita. Niliona namkinga mume wangu.

Alikuwa anakuja kila mwisho wa mwaka, halafu akawa anakuja mwaka mmoja na kuruka mwingine. Akija analala chini sebuleni. Nikimwuliza mionzi imebaki kiasi gani, anasema inapungua, inapungua, mkataba mmoja tu bado. Mimi nilikuwa naiona miaka inavyokwenda. Mwanamke wa umri wangu hahitaji saa ukutani.

Lakini kuna jambo moja jema lilitokea, au ndivyo nilivyofikiri. Mama mkwe alibadilika. Matusi yalikoma ghafla. Simu zake zikawa chache, na akipiga ananiita binti yangu, anasema tusimlazimishe Mungu, watoto si kila kitu, wewe jitunze tu. Nilitoa ushuhuda kanisani! Nilisimama mbele ya watu nikasema Bwana amelainisha moyo wa mama mkwe wangu. Walipiga makofi na vigelegele.

Sasa nije kwenye ile Jumamosi. Aliingia saluni mwanamke mmoja Mzulu, mrefu, mcheshi, amekuja nyumbani kwao Cato Manor kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Alitaka rasta nyembamba, zile za kukaa kitini kutwa. Alikuja na huyo mdogo wake, ambaye alikuwa amembebea mtoto wake mchanga, na kila mtoto akilia analetwa kitini, yeye mteja anamnyonyesha huku mimi nasuka. Tuliongea Kiingereza cha kuungaunga, chake kizuri, changu cha saluni. Nikamwuliza anakaa wapi. Akasema Cape Town. Anafanya kazi gani? Akakitaja kituo cha nyuklia.

Nilifurahi kama nimemwona ndugu. Nikamwambia mume wangu anatumika hukohuko, fundi wa mikataba. Akasema mafundi ni wengi, hawajui wote. Kazi yake yeye ni kulinda watu dhidi ya mionzi. Anasimama kwenye mageti ya kutokea, anapima wanaotoka. Mume wake naye ni wa palepale, anaendesha mitambo. Nikatazama yule mtoto kwenye titi lake. Mikono yangu ikasimama kwenye nywele.

Nikamwuliza, kwa uangalifu, kama mtu anayeuliza habari za jirani, hawa wanaume wanaoingia ndani wanakaa muda gani bila kugusa wake zao. Alicheka. Halafu akaniona kwenye kioo, akaacha kucheka.

"Sisi," akaniambia, yaani dada kwa lugha yao, "ni nani amekuambia kitu hicho?"

Nikasema watu. Basi akanieleza polepole, na wenzangu wote wakanyamaza kusikiliza, chuma kimeshuka bila mwenye saluni kuingia. Alisema mambo ni mawili na watu huyachanganya. Kuna vumbi lenye mionzi, hilo linaweza kushika nguo au ngozi. Ndiyo sababu kuna mageti. Mashine ikilia pale getini hutoki, unaoga, unapimwa tena, mpaka mashine inyamaze. Halafu kuna mionzi yenyewe inayopita mwilini, na hiyo ikishapita imepita, haikai ndani yako ukaipeleka nyumbani. Ukipigwa eksirei hospitali, akaniuliza, unarudi nyumbani ukiwamulikia watoto? Kila fundi anavaa kifaa kidogo kifuani kinachohesabu amepokea kiasi gani, na akikaribia kiwango anaondolewa. Yeye mwenyewe alipopata mimba alihamishiwa ofisini mpaka akajifungua. Mume wake alikuwa anaingia ndani wakati wote huo, na kila siku anarudi nyumbani, anakula, analala kitandani kwake. "Nasi tumepata huyu," akasema, akimwinua mtoto.

Nilimaliza kichwa kile. Sijui nilikimalizaje, lakini nilikimaliza, na mistari ilikuwa imenyooka. Aliponiaga alinishika mkono akauliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sharp.

Nilimpigia mume wangu kutoka nyuma ya saluni, kwenye mapipa ya taka. Nikamweleza kila kitu. Akaanza kupanda juu. Huyo mwanamke ni mtu wa getini, anajua nini ya ndani? Wewe siku hizi ni profesa? Tangu lini unaleta maneno ya wateja katika nyumba yangu? Nikamwambia, basi njoo nyumbani, tukapimwe wote wawili hospitali, tujue. Akasema yuko kazini, akakata. Nilipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa.

Mtu atasema hapo ningekuwa nimeshaelewa. Sikuelewa. Au tuseme kichwa kilielewa, roho ikakataa. Usiku ule nilijipangia maelezo: maskini, naye alidanganywa. Pengine mafundi wenzake walimtisha, pengine naye ana bibi yake wa jikoni, ameishi na hofu hii miaka yote, amelala chini sebuleni kama mbwa akinikinga na kitu kisichokuwepo. Nilimhurumia upya. Na kwa kuwa ameona aibu na kuzima simu, nikaamua nipite kwa mama yake. Siku hizi si ananipenda? Atamwambia mwanawe arudi nyumbani, hakuna hatari, bado tuna muda kidogo, tunaweza kupata hata mmoja. Kesho yake Jumapili sikwenda ibada. Nilipiga Lubumbashi nikiwa na furaha kabisa. Nilikuwa nampelekea habari njema.

Simu ilipokelewa na mtoto.

"Hello?" akasema. "Who is this?"

Nilidhani nimekosea namba. Nyumba ile naijua. Katika nyumba ile watu wanasema Kiswahili, Kiluba, na Kifaransa akija padri. Kiingereza hakuna anayekijua, hata cha kuombea maji. Nikamwuliza yule mtoto anaitwa nani, akaniambia, na jina lake la mwisho lilikuwa la mume wangu. Nikamwuliza ana miaka mingapi. Minne, akasema, na mdogo wangu amebaki Cape Town na mama, bado ni bebi.

Miaka minne. Krismasi ile aliyoninyooshea kiganja, karibu miaka mitano nyuma, mtoto huyu alikuwa tayari njiani. Sikuhitaji vidole kuhesabu. Nilikaa chini jikoni palepale nilipokuwa, mgongo kwenye friji.

Mama mkwe alimnyang'anya simu. Nilimsikia anavyohema. Alijaribu kusema ni mtoto wa jirani, halafu akaona mwenyewe haiwezekani, akaacha. Akasema, sawa, binti yangu, umejua, ni vizuri umejua, mimi nilikuwa nimechoka kuficha. Mwanawe amepata mke mwingine huko, mwaka huu wamemleta mtoto mkubwa ajifunze lugha ya kwao. Nisimkasirikie. Mwanaume hawezi kuzeeka bila mtoto, na mwenyewe nilikuwa nimekiri kwamba siwezi kuzaa.

Nikamwuliza nilikiri kwa nani.

Kwa kila mtu, akasema. Mume wangu alipomwambia kwamba madaktari wa Durban wamenipima na kunikatia tamaa, yeye hakutaka kuamini neno la upande mmoja. Alitafuta namba ya mama mchungaji wetu akampigia. Mama mchungaji akalia kwenye simu, akasema ni kweli, Mama, dada yetu ametuambia kwa mdomo wake, tatizo ni lake, tunamwombea miaka yote na Mungu bado hajajibu. Baada ya hapo yeye kama mzazi alimpa mwanawe baraka. Kwa hiyo lile neno nililosema kumkinga mume wangu, pale sebuleni kwangu, ndilo lililofungisha harusi yake Cape Town. Na upole wote ule wa mama mkwe, nilioutolea ushuhuda, ulikuwa upole wa mtu aliyeshapata mjukuu.

Nilimweleza. Nilimwambia habari za mionzi tangu mwanzo, godoro, sahani, glavu, maji yaliyomwagwa chooni. Sikupiga kelele. Mimi ambaye Umbilo wote wanaujua mdomo wangu, sikupiga kelele. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, na aliuliza kwa dhati, hakuwa ananitania.

"Kama ni hivyo, binti yangu, mbona ulinyamaza wakati mimi nakutukana?"

Nikasema aliniomba ninyamaze, nami nilikuwa mke wake.

Nilisikia jogoo huko kwao, na mtu akitwanga. Nilifikiri anatafuta namna ya kuniomba msamaha, na niseme ukweli, nilikuwa tayari kumpa. Aliporudi sauti ilikuwa ya chini, ya siri ya wanawake wawili. Akaniomba nisilipeleke jambo hili kanisani. Watu wetu wa Durban na wa Cape Town wanajuana, maneno yatafika, na huyu mtoto atakua akiitwa mtoto wa uongo wa baba yake. Yeye hana kosa. Nimfanyie hilo tu, kwa ajili ya mtoto.

"Nimeshanyamaza kwa ajili ya mtoto mmoja, Mama," nikamwambia. "Huyo hakuzaliwa."

Nilimsikia mtoto anamwomba maji, kwa Kiingereza, na yeye hakielewi, anamwuliza kwa Kiswahili unataka nini, unataka nini baba. Nikamwambia anataka maji ya kunywa. Akaweka simu mahali bila kuikata, akaenda. Nilisikia maji yakichotwa, na mtoto akinywa kwa haraka, na bibi yake akimwambia taratibu. Nilibaki nasikiliza mpaka salio langu likaisha.